Bulpapu kwenye mlima wa ayala: kisa cha bunduki fupi na risasi ya pili iliyochelewa

Maelezo ya mwanzo

Kisa hiki nilikishuhudia mwenyewe katika nyanda za juu za Uskoti. Jina la shamba, mwaka na mtengenezaji wa bunduki nimeyaondoa, na watu nimewapa herufi. S. ni msimamizi wa uwindaji, mtu aliyezeekea kazini. R. ni mwindaji wa pili, ndiye aliyefyatua siku hiyo. K. ni kijana wa pwani ya Kenya, mwanagenzi, na anatumia mkono wa kushoto. Kumbuka hilo, litarudi mbele. Mimi kazi yangu ilikuwa mbwa, darubini kubwa ya kutazamia, na kuburuta mzigo jioni.

K. na mimi tulikibishania kisa hiki garini kwa wiki nzima, kwa Kiswahili, ili wenzetu wasituingilie. Ndiyo maana maneno ya humu ni yale tuliyoyatumia: komeo (chuma kinachoingiza risasi, kuifungia ndani na kutoa ganda), triga (kifyatulio), kitako (sehemu inayoegemea bega), kiwambo cha sauti (kipunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu). Bulpapu ni bunduki ambayo chemba, yaani mahali risasi inapokaa, na komeo lake vimewekwa nyuma ya triga, ndani ya kitako. Kwa mpango huo mtutu unabaki na urefu wake, lakini bunduki nzima inafupika.

Neno jingine ni ayala. Kulungu wa kwetu ana pembe zisizo na matawi na ni mnyama wa ukoo mwingine kabisa. Huyu wa Uskoti, mwenye pembe za matawi, ni yule wa Zaburi aioneaye shauku mito ya maji, kwa hiyo nimemwita kwa jina hilo.

Usuli

Shamba lenyewe nusu ni kinamasi cha mboji nyeusi na vichaka vinavyofika gotini, nusu ni msitu wa kupandwa wa misprusi ya Sitka, iliyosongamana kiasi kwamba mchana ndani yake ni kama magharibi. Ayala hula vichwa vya miche. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwapunguza walitoweka huko karne kadhaa zilizopita, kwa hiyo kupunguza ni kazi ya binadamu. Majike huwindwa kuanzia 21 Oktoba hadi 15 Februari, yaani wakati wa siku fupi na baridi. Sheria inaruhusu kupiga kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya kuzama.

Bunduki za timu zilikuwa za komeo la kawaida, risasi .308 (kipenyo kwa inchi), mtutu wa sentimita 61. Kila moja ilikuwa na urefu wa sentimita 114, na ukifunga kiwambo cha sauti inafika 130. Jaribu kuingia na kitu hicho kwenye gari la magurudumu manane lenye watu wanne na mbwa. Jaribu kupanda nacho ngazi ya dungu lililofungwa kwenye mti, au kupita kati ya misprusi ambayo matawi yake makavu hayajawahi kupunguzwa. R. aliwahi kugonga darubini ya bunduki yake kwenye mti mara tatu kwa msimu mmoja, na kila mara ilibidi kurudi kwenye shabaha kuisawazisha upya.

Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, na nayasema mapema ili msomaji asidhani bulpapu ilinunuliwa kwa ajili ya sura yake. Sura ilichangia kidogo, ila R. hapendi kukiri.

Chaguo zilizokuwa mezani

Kwanza sheria. Tangu 1988, mwaka mmoja baada ya mauaji ya watu kwa bunduki katika mji wa Hungerford, Uingereza ilipiga marufuku bunduki za risasi kubwa zinazojipakia zenyewe, pamoja na zile za pampu. Aina hizo ziliachwa kwa risasi ndogo za .22 peke yake. Kwa hiyo mwindaji wa ayala huko lazima apakie kila risasi kwa nguvu za mkono wake, na swali ni mkono huo ufanye kazi gani.

Bunduki ya kukunja yenye mtutu mmoja ni fupi kuliko zote za kawaida kwa sababu haina nafasi ya komeo kutembea. Ni nyepesi, ni salama kukagua: ukiikunja kila mtu anaona chemba. Lakini ina risasi moja tu. S. anaipenda kwa kuvizia dume mmoja milimani. Kwa majike wenye ndama haifai, kwa sababu kazi hiyo mara nyingi inadai risasi mbili zifuatane.

Bunduki ya wenzo, ile ya kushusha na kupandisha chini ya triga, ni ya haraka. Tatizo ni kwamba nyingi hupanga risasi ndani ya bomba, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, na vichwa vyenye ncha kali havifai humo. Hatukukaa nayo sana.

Komeo la kuzungusha ndilo lililotawala, na lina sababu. Mauser wa 1898 alilifunga kwa meno mawili mbele, karibu kabisa na chemba, akaweka na la tatu nyuma kama akiba, pamoja na ukucha mpana unaolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini. Wazee wa kwetu waliopitia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliijua zaidi Lee-Enfield ya .303, ambayo meno yake yako nyuma na mkono wake hunyanyuka nyuzi 60 tu badala ya 90 za Mauser. Ndiyo maana ina sifa ya kukokiwa upesi. Baba yangu, askari wanyamapori kusini mwa Tanzania, alikuwa na .375 ya mtindo wa Mauser. Neno lake kuhusu komeo lilikuwa moja: livute kama unamchukia. Atarudi baadaye.

Mwisho kuna komeo la kuvuta moja kwa moja, lisilozungushwa: unavuta, unasukuma, basi. Uswisi na Austria walilitumia jeshini tangu karne ya 19, na siku hizi linapendwa na wawindaji wa nguruwe mwitu Ulaya bara. Ni la haraka kweli. Bei yake ndiyo iliyotuzuia.

R. alikuja na pendekezo lake: bulpapu ya komeo la kuzungusha, risasi ileile ya .308, mtutu uleule wa sentimita 61, lakini urefu wa jumla sentimita 87. Na kiwambo 103. Sentimita 27 zimeondoka, zaidi ya shubiri, bila kupoteza kasi ya risasi. S. alikunja uso, akauliza bei, akakubali ijaribiwe msimu mmoja. Cheti cha silaha cha R. kikarekebishwa polisi, bunduki ikaja.

Hakuna aliyeuliza swali ambalo leo naliona lilikuwa mlangoni kabisa: sentimita zile 27 zimeondolewa wapi, na kilichokuwa hapo kimehamia wapi?

Jaribio la kwanza

Tuliipeleka kwenye shabaha ya mita 100, kisha 150. R. alikaa mezani, mifuko ya mchanga mbele na nyuma, shati jepesi kwa sababu jua lilikuwa limetoka (tukio la kuandikwa, huko). Matundu matatu yalikaa ndani ya upana wa sarafu. Triga ilikuwa nzito na yenye ulegevu, kwa sababu kidole kinavuta ufito mrefu unaokwenda nyuma hadi kwenye mtambo halisi, lakini kwa mtu aliyetulia haikuwa na neno. Darubini ikasawazishwa kwa mita 150.

K. alijaribu na kushindwa. Akiiweka bega la kushoto, mkono wa komeo unakaa ubavuni mwa taya lake na tundu la kutolea maganda liko chini ya shavu. Akiiweka bega la kulia, anatumia jicho asilolizoea. "Kaka, hii bunduki haina habari na mimi," akaniambia. Kwa bunduki za zamani, zenye komeo la kulia vilevile, alikuwa anajimudu vizuri. Kwa hiyo siku ya kwanza tu, mmoja kati ya wanne alishaondolewa kwenye orodha ya wanaoweza kuitumia. Tuliandika "K. hawezi" kana kwamba kasoro ilikuwa ya K.

Risasi ya pili ya haraka hatukuijaribu. Kulala chini, kuvaa koti la baridi, kuegemea begi badala ya mchanga, vyote hatukuvijaribu.

Siku yenyewe

Ilikuwa Novemba, upepo wa magharibi, mvua nyembamba isiyoanguka bali inayoning'inia. Kwa wiki mbili bulpapu ilikuwa imefanya vizuri: majike wawili kutoka kwenye dungu, kila mmoja kwa risasi moja. Garini haikumgonga mtu. R. alikuwa anatembea na tabasamu.

Saa tatu kasoro robo asubuhi tuliona majike watatu na ndama mmoja kwenye mteremko wa mbele. K. alibaki bondeni na mbwa. R. na S. walitambaa mbele, mimi nyuma yao kidogo upande wa kushoto. Kanuni ya S. ni kwamba katika kunyemelea kunakuwa na bunduki moja tu iliyo tayari. Ya kwake, ile ndefu ya zamani, ilikuwa kwenye mfuko wake mgongoni, tupu. Kutambaa na bulpapu ni raha, lazima niseme. R. aliilaza mikononi kama mtoto na mdomo wa mtutu haukuchota tope hata mara moja.

Walifika kwenye ukingo wa mboji, mahali maji yamekata udongo ukabaki mdomo mdogo kama wa mtungi. Kifaa cha kupimia kilisema mita 140. R. akaweka begi, akaweka bunduki, akasubiri jike wa karibu ageuke ubavu. Kwenye darubini, alituambia baadaye, aliona kifua kizima, safi, bila jani mbele yake.

Akafyatua. Mimi niliona vitu viwili kwa pamoja: tope likiruka mbele ya bunduki, na jike akiinama mbele kama aliyekosa ngazi. Mguu wa mbele.

"Tena," S. akasema kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo pa kukaa. R. akanyanyua shavu, kwa sababu bila kulinyanyua komeo halina pa kupita. Akarudisha mkono nyuma hadi karibu na kwapa. Mkono wa koti, ulioloa na kuwa mnene, ukanasa kwenye ukanda wa darubini ya kifuani. Komeo likarudi, lakini si hadi mwisho. Risasi ya .308 ina urefu wa milimita 71 na komeo lazima lirudi zaidi ya hapo, lake halikufika. Ganda halikutoka. Aliposukuma mbele, ganda lilikwama kwa mshazari. R. akaishusha bunduki, akaigeuza ubavu ili aone kinachoendelea, kwa sababu tundu lenyewe liko mahali ambapo macho ya aliyelenga hayafiki.

Wakati wote huo jike alisimama. Kiwambo cha sauti kilikuwa kimemficha mahali mlio ulipotoka, na aliangalia upande usio wetu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Sekunde nane, labda kumi. S. alikuwa anahangaika na zipu ya mfuko wake. Kisha wale wengine wakaanza kutembea, naye akawafuata kwa miguu mitatu, ndama nyuma yake, wakaingia kwenye misprusi.

Maamuzi baada ya risasi ya kwanza

R. alitaka kuinuka. S. alimshika bega. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kukaa nusu saa bila kusogea. Mnyama aliyejeruhiwa asiyefukuzwa hulala karibu. Akifukuzwa, hata kwa miguu mitatu, anakwenda kilomita. Kwetu pia watu husubiri nyati aliyejeruhiwa, ila kule sababu kubwa ni kwamba anakusubiri na yeye.

Wa pili ulikuwa bunduki gani iingie msituni. R. akasema, na kwa mantiki yake alikuwa sawa, kwamba bulpapu ilinunuliwa kwa ajili ya msitu huohuo. S. akakataa: bunduki iliyokwama, ambayo hatujui risasi yake imekwenda wapi, haiingii popote. Ikaondolewa risasi, ikaachwa palepale juu ya begi. Akachukua ile ndefu.

Wa tatu, ambao sikuuelewa wakati ule, ulikuwa kwamba asiguse mtu ukingo wa mboji, wala begi.

K. akaja na mbwa kwenye kamba ndefu. Mahali pa risasi palikuwa na manyoya, damu kidogo na kipande cha mfupa: mguu, kama tulivyoogopa. Mbwa alifuata mita kama 350 ndani ya miti. S. alikuwa anapita na bunduki yake ya sentimita 130 kwa kuisimamisha wima mbele ya uso, akisukuma matawi kwa mgongo, akilaani kimyakimya. Jike alikuwa amesimama kati ya mashina mawili, mita 12, ndama nyuma yake hatua chache.

S. alipiga shingo. Kisha, bila shavu kuondoka kwenye kitako, komeo likapanda, likarudi, likaenda mbele, na ndama naye akaanguka. Ndama aliyebaki bila mama katika majira yale hufa polepole, kwa hiyo kumwacha isingekuwa huruma. Lakini kati ya milio ile miwili sikuweza hata kuvuta pumzi, na nadhani ni hapo R. alipoelewa, kabla hatujapima chochote. Kutoka risasi ya kwanza hadi hiyo ilikuwa imepita saa moja na dakika hamsini.

Tulichokikuta ukingoni

Tulirudi kwenye ukingo. Kwenye mdomo wa mboji, mita 1.2 mbele ya mahali mdomo wa mtutu ulipokuwa, kulikuwa na mfereji mdogo wa urefu wa kidole. Risasi ilikuwa imepita hapo.

R. alilala tena, bunduki tupu, na darubini ikaonyesha kilekile: mteremko safi. Kwa bunduki ya kawaida ungechomoa komeo na kuchungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma. Kwa hii huwezi, kitako kiko njiani. Kwa hiyo tuliingiza ufito wa kusafishia kupitia mdomo wa mtutu, tukauacha utokeze mbele. Ncha yake ilielekea kwenye mboji, upana wa vidole viwili chini ya ukingo.

Sababu ni mbili na zinasaidiana. Bulpapu ina kitako kilichonyooka sawa na mtutu, kwa hiyo ili jicho lifike kwenye darubini, darubini lazima ipandishwe. Yetu ilikuwa sentimita 8.5 juu ya katikati ya mtutu. Bunduki za zamani ni 4.5. Jicho linapita juu ya kizuizi, risasi inapita chini yake. Kisha mtutu wenyewe umesogea nyuma kwa ile shubiri moja. Kwa bunduki ndefu, mdomo wa mtutu ungekuwa karibu zaidi na ukingo na R. ameshazoea kuusogeza hadi ukingo upitwe. Kwa fupi, begi, kifua na mkono vyote vilikuwa sawa na mazoea, ila mdomo wa mtutu haukuwa pale mazoea yalipoutarajia.

Hesabu hiyohiyo ilimpa S. haki kuhusu msituni. Darubini ikiwa sentimita 8.5 juu na imesawazishwa kwa mita 150, kwenye mita 12 risasi inaingia kama sentimita 6.5 chini ya mahali unapolenga. Kwa bunduki ya zamani ni kama 3. Shingo ya jike si pana kiasi cha kusamehe tofauti hiyo kwa mtu asiyeijua.

Siku mbili baadaye tulirudi kwenye shabaha, safari hii tumelala chini, makoti, darubini za kifuani, begi lenye unyevu. Kwa saa ya mkononi, S. alihitaji sekunde tatu hivi kupata risasi ya pili iliyolengwa kwa bunduki ya zamani. Kwa bulpapu, sita, na mara moja alirudia kosa la R. lilelile. R., aliyekuwa ameizoea, alifika tano.

Uchambuzi

Bulpapu kama umbo iliyopata mafanikio ni ya majeshi: AUG ya Austria ya 1977, FAMAS ya Ufaransa, L85 ya Uingereza ya 1985. Zote zinajipakia zenyewe. Shinikizo la gesi ya baruti ndilo linalorudisha komeo, na mkono wa askari unabaki kwenye triga, shavu kwenye kitako. Ukichukua umbo hilo ukaondoa gesi kwa sababu ya sheria, kazi yote ya gesi unaikabidhi kwa mkono, na umeshaihamishia mahali ambapo mkono haufiki vizuri. Hili si jipya hata kidogo. Mwaka 1901 Thorneycroft alibuni bulpapu ya komeo, fupi kuliko Lee-Enfield kwa sentimita 19 na nyepesi kwa asilimia 10. Ilipojaribiwa Hythe, shule ya jeshi la Uingereza ya kulenga shabaha, ilionekana inapiga bega kupita kiasi na haishikiki vizuri katika matumizi. Ukiisoma habari hiyo baada ya siku yetu ile unacheka kwa uchungu.

R. ana utetezi, na sio dhaifu. Anasema miezi sita ya mazoezi ingemfundisha mkono wake njia mpya, na kwamba kupiga ukingo wa mboji kunaweza kumtokea mtu yeyote mwenye darubini. Yote kweli. Watu wanaozipenda bulpapu za komeo huzifanyia mazoezi hadi zikatii, na zipo zenye ufito unaoleta mkono wa komeo mbele ya triga. Lakini timu hii ilikuwa na bunduki mbili za aina tofauti kwa watu wale wale wanne, mmoja akiwa hawezi kabisa kuitumia moja. Mkono unaobadilishana mazoea kila siku haujengi mazoea. Hapo baba yangu na komeo lake la kuchukiwa angekuwa na la kusema: R. alilivuta kwa adabu, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kulivuta vinginevyo.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa jaribio la mezani. Lilipima kitu ambacho bulpapu inakifanya vizuri, yaani kuweka risasi ya kwanza mahali pake kutoka kwenye mhimili mzuri, likaacha vyote ambavyo umbo lake limevigusa. Tulipata jibu sahihi kwa swali ambalo halikuwa letu. Na kushindwa kwa K. kulikuwa taarifa, si kasoro: kulituonyesha siku ya kwanza kwamba komeo na uso vinagombea nafasi moja, sisi tukaandika jina lake na kugeuza ukurasa.

Kuna jambo la usalama ambalo halikuleta madhara siku hiyo ila lilimsumbua S. kuliko mengine. Timu ina desturi ya kuonyeshana chemba kabla ya kupanda gari. Kwa bunduki ya kawaida ni kutazama tu. Kwa bulpapu, aliyeibeba anabidi aitoe begani, aigeuze, na mwenzake ainame. Katika mvua, watu wanaanza kuamini neno badala ya jicho.

Kanuni ya bunduki moja iliyo tayari ilizua mabishano makali. K. anaamini S. angekuwa na yake mkononi, jike angeanguka ndani ya sekunde nne. Huenda. Mimi bado naiunga mkono: watu wawili wenye risasi chembani wakitambaa kwenye mteremko unaoteleza ni hatari ya kila siku, wakati kilichotokea ni cha siku moja. Kilichobadilika ni kwamba mfuko wa S. sasa hauna zipu, una kitanzi.

Yaliyofanya kazi ni machache ila ndiyo yaliyookoa siku: nusu saa ya kusubiri, mbwa wa kamba aliyekuwa tayari bondeni, kuikataa bunduki yenye mashaka, na kuuacha ukingo bila kuguswa. Bila ule mfereji wa kidole kimoja tungemlaumu R. kwa kutetemeka, naye angekubali.

Hatima

Bulpapu ilimaliza msimu kwenye madungu tu, ambako hakuna ukingo wa mboji na mwindaji amekaa, kisha ikauzwa. Moja ya bunduki za zamani ilipelekwa kwa fundi: mtutu ukakatwa kutoka sentimita 61 hadi 46, ukachongwa nyuzi upya kwa ajili ya kiwambo, ukapelekwa Birmingham kupimwa nguvu. Urefu wa jumla na kiwambo ukawa 115. Dhidi ya bulpapu tulibaki nyuma kwa sentimita 12, nusu shubiri.

Hofu ilikuwa kasi. Kwa ayala, sheria ya Uskoti inataka kichwa cha risasi kisichopungua greini 80 (greini ni kipimo kidogo cha uzito; hadi 2023 zilitakiwa 100), kasi isiyopungua mita 747 kwa sekunde na nguvu isiyopungua jouli 2,370 hivi mdomoni mwa mtutu. Greini 150 zilizokuwa zikitoka kwa mita 860 sasa zinatoka kwa mita 814 hivi, zikiwa na jouli kama 3,200. Kwa umbali tunaopiga sisi, ayala hajaona tofauti.

Aliyefaidika zaidi ni K. Akiwa amelala, bunduki imeegemea begi, mkono wake wa kushoto haubanduki kwenye triga. Wa kulia, ambao hauna kazi mbele, ndio unaokoki. Shavu linabaki palepale. Kwa saa ileile ya mkononi ana sekunde mbili na nusu, na S. kila tukifika kwenye shabaha hukumbuka ghafla kwamba mbwa anahitaji maji.